Kukaa Meza Moja: Hotuba ya Kamati Katika Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi



Sisi wa kamati tulipangiwa kusema machache juu ya "Urafiki na Maendeleo". Hesabu ameshazisoma mweka hazina, na mmepiga makofi, nasi tunashukuru. Historia ya kikundi ameisoma katibu, tangu siku ile tulipokaa juu ya mkeka mmoja chini ya mwembe, sanduku letu likiwa kopo la maziwa lililotobolewa tundu. Kwa hiyo hatutarudia hayo. Tuna jambo moja linatukaa rohoni, na tumeona siku ya leo, watu wakiwa wameshiba pilau na wamefurahi, ndiyo siku ya kulisema.

Jambo lenyewe mnalijua. Jumamosi ijayo tutapiga kura. Limeletwa pendekezo kwamba kikundi kigawanywe viwili: wanaonunua hisa tano kila wiki wawe na sanduku lao, na wanaonunua hisa moja au mbili wawe na lao. Walioleta pendekezo si watu wabaya, tusisemane hivyo. Wana sababu. Wanasema mwenye mshahara au pensheni anataka mkopo mkubwa, na mwenye meza ya vitumbua anataka mkopo mdogo wa haraka, kwa hiyo tunacheleweshana. Na wengine, tuseme kweli jamani, wanasema pembeni kwamba watu wa aina mbili hawawezi kuwa marafiki wa kweli. Eti mkubwa atadharau, na mdogo atajipendekeza.

Hayo maneno ya pembeni ndiyo yaliyotufanya tutafute mfano. Mfano tulioupata ni wa mbali, wa Marekani, lakini mkisikiliza mtaona ni kama wa mtaa wetu. Ni habari ya akina mama wawili, Mary McLeod Bethune na Eleanor Roosevelt.

Tuanze na Mama Bethune. Alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1875, karibu na kijiji cha Mayesville, jimbo la South Carolina. Wazazi wake walikuwa watumwa mpaka utumwa ulipofutwa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Walizaa watoto 17, naye alikuwa wa 15. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchuma pamba. Alipokuwa mdogo alikwenda na mama yake kwenye nyumba ya Wazungu aliyokuwa akiifulia nguo, akaokota kitabu. Mtoto wa nyumba ile akamwambia akiweke chini, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Neno lile halikumtoka moyoni. Shule ya wamisheni ilipofunguliwa, alikwenda kwa miguu kila siku, mwendo wa kilomita nane hivi, na jioni akirudi anawafundisha nyumbani alichokipata.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, wanachama wa kikundi cha kuweka akiba. Nani alimlipia masomo ya mbele? Hakuwa tajiri. Alikuwa mama mmoja wa Kizungu, fundi wa kushona nguo, aliyekaa mji wa Denver, mbali kabisa na South Carolina. Mama yule alikuwa akitenga fedha za cherehani yake, akasema zimsomeshe mtoto mmoja Mweusi, yeyote atakayechaguliwa. Akachaguliwa Mary. Yaani akiba ya fundi cherehani mmoja ilimtoa mtoto kwenye shamba la pamba. Tukisema haba na haba hujaza kibaba, wengine wanaona ni maneno ya kwenye khanga tu. Haya, mfano ndio huo.

Binti Mary alisoma mpaka Chicago, kwenye chuo cha Biblia. Nia yake ilikuwa aje Afrika kuwa mmisheni. Kanisa lake likamjibu kwamba hakuna nafasi ya mmisheni Mweusi huko. Fikirini: mjukuu wa Afrika anataka kuja Afrika, anaambiwa hakuna nafasi! Alisikitika sana. Lakini hakukaa kulia. Akasema kazi ipo hapa hapa.

Tarehe 3 Oktoba mwaka 1904, katika mji wa Daytona, jimbo la Florida, alifungua shule ya wasichana. Alikuwa na dola moja na nusu, wanafunzi watano wa kike, na mwanawe mdogo. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Viti na meza vilikuwa maboksi. Wino walikamua matunda ya porini, na kalamu walichonga vijiti vilivyoungua. Fedha za kuendesha shule alizipata vipi? Alipika pai za viazi vitamu, akatengeneza aiskrimu, akawauzia wafanyakazi wa ujenzi. Mama lishe kamili! Alipotaka kiwanja, aliuziwa mahali palipokuwa jalala la mji, kwa dola 200, akatanguliza dola tano zilizotoka kwenye zile pai. Jalala lile ndilo likawa shule, shule ikaungana na nyingine mwaka 1923, ikawa chuo, na leo ni chuo kikuu chenye jina lake, Bethune-Cookman.

Msidhani ilikuwa lelemama. Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipopata haki ya kura nchi nzima, Mama Bethune aliwahimiza watu wake wajiandikishe. Usiku wa kuamkia uchaguzi, kundi la Ku Klux Klan, wale waliovaa mashuka meupe na kuwatisha Weusi, wakaandamana mpaka shuleni kwake. Hakukimbia. Kesho yake aliongoza watu wake, wakaenda wakapiga kura.

Huyo ndiye wa kwanza. Sasa wa pili.

Eleanor Roosevelt alizaliwa tarehe 11 Oktoba mwaka 1884, New York, katika ukoo wa matajiri. Baba yake mdogo... tuseme vizuri, ndugu mkubwa wa baba yake, yaani baba yake mkubwa, Theodore Roosevelt, alikuwa Rais wa Marekani. Nyumba kubwa, watumishi, safari za Ulaya, shule karibu na London. Mtu akimtazama kwa nje atasema huyu hana shida. Lakini mama yake alifariki akiwa na miaka minane, na baba yake kabla hajafika kumi. Akalelewa na bibi. Alikuwa mtoto mwenye haya, anayejiona hana sura.

Mwaka 1905 aliolewa na Franklin Roosevelt, wa ukoo huo huo. Akazaa watoto sita, mmoja akafariki akiwa mchanga. Na mama mkwe je? Aa, mama mkwe! Bibi Sara alijenga nyumba mbili zilizoshikana New York, moja yake na moja ya mwanawe, na ukutani akaweka milango ya kupitia upande wa pili. Basi mkwe anaingia saa yoyote. Tunaona akina mama kadhaa mnacheka. Inaonyesha mambo haya hayana Uzungu. Mwaka 1921 mumewe akapatwa na ugonjwa wa kupooza miguu, hakutembea tena bila kushikiliwa au vyuma. Hapo ndipo Eleanor, mwenye haya, ilipombidi asimame, aende mikutanoni, azungumze mbele za watu kwa ajili ya mumewe, na baadaye kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa hiyo mmoja alilelewa kwenye pamba, mwingine kwenye hariri. Mmoja alitengeneza wino wa matunda, mwingine alisomeshwa Uingereza. Na nchi yao wakati ule, hasa kusini, ilikuwa na sheria ya kuwatenga Weusi na Wazungu kwenye shule, kwenye treni, na hata kwenye bomba la maji ya kunywa.

Walikutanaje? Mwaka 1927 Mama Eleanor aliwaalika nyumbani kwake viongozi wa vyama vya wanawake wa nchi nzima, kwa chakula cha mchana. Mama Bethune alialikwa kwa kuwa alikuwa rais wa umoja wa vyama vya wanawake Weusi. Alipoingia, akakuta yeye peke yake ndiye Mweusi katika wageni. Na wageni wengine wakaanza kutazamana: nani atakaa naye? Si mnaijua ile hali, mtu anaingia ukumbini na kila kiti kinasemwa kina mwenyewe.

Aliyeokoa siku ile alikuwa nani? Alikuwa yule yule mama mkwe! Bibi Sara alinyanyuka, akamshika Mama Bethune mkono, akampeleka mpaka mezani, akamkalisha mkono wa kulia wa Eleanor, kiti cha heshima. Mama Bethune mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona nyuso za watumishi Weusi waliokuwa wakipakua chakula zikichangamka. Urafiki ulianzia hapo. Na sisi tunasema: urafiki mwingine hauanzi kwa watu kupendana. Unaanza kwa mtu wa tatu kuvuta kiti. Katika kikundi, kazi hiyo ya kuvuta kiti ni ya kamati, na tutalirudia hili.

Mwaka 1933 Franklin Roosevelt akawa Rais, Mama Eleanor akawa mke wa Rais. Wangapi wakipanda hivyo wanawakumbuka wa chini? Yeye alikumbuka. Mwaka 1935 Mama Bethune aliunganisha vyama vya wanawake Weusi kuwa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Mwaka 1936 akapewa kazi serikalini, kusimamia mambo ya Weusi katika idara iliyowasaidia vijana kupata kazi na ada za masomo wakati ule wa shida kubwa ya uchumi. Alipotaka neno limfikie Rais, alikuwa na mlango: rafiki yake. Na mke wa Rais alipotaka kujua hali ya watu Weusi ilivyo kweli kweli, siyo ya kwenye ripoti, naye alikuwa na mlango: rafiki yake. Hapo mnaona hakuna anayejipendekeza. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Inasimuliwa kwamba siku moja Mama Bethune alikuwa akipita bustanini kuingia Ikulu, mfanyakazi mmoja wa Kizungu akamwita "shangazi", kama walivyozoea kuwaita wanawake Weusi wazima kwa kuwashusha, akamuuliza anakwenda wapi. Yeye akamtazama taratibu, akamuuliza kwa upole: wewe ni mtoto wa ndugu yangu yupi? Kwetu sisi shangazi ni heshima. Kwao lilitumika kama tusi, naye akaligeuza likawa somo. Na Mama Eleanor, akijua rafiki yake anakuja, alikuwa akitoka mwenyewe kumlaki njiani, wakaingia wameshikana mikono, ili kila mlinzi aone.

Novemba mwaka 1938 palikuwa na mkutano mkubwa mjini Birmingham, jimbo la Alabama, wa watu waliotaka kusini mwa nchi iwe na haki zaidi. Polisi wakaja na amri: Wazungu upande huu, Weusi upande ule. Mama Eleanor alikuwa amekaa upande wa Weusi na rafiki yake. Akaambiwa ahame. Hakubishana na hakupiga kelele. Alichukua kiti chake akakiweka katikati, kwenye njia, si upande huu wala ule. Mke wa Rais amekaa njiani kwenye kiti! Katika mkutano huo huo, inasimuliwa, mwenyekiti alimwita Mama Bethune aje jukwaani kwa jina la Mary tu, kama mtoto. Naye akasahihisha mbele ya ukumbi mzima, kwamba aitwe Bibi Bethune. Angalieni basi: rafiki mmoja alisogeza kiti, na mwingine alidai jina lake. Hakumsubiri mkubwa amdaie.

Lakini hatukuja kuwauzia hadithi tamu tupu. Tuseme na uchungu wake.

Kwanza, Mama Eleanor hakuzaliwa hana ubaguzi. Alilelewa katika watu wenye maneno ya dharau, na yeye ujanani aliyatumia. Watu wa nyumbani kwake wamesimulia kwamba ilimchukua muda mpaka akaweza kumbusu Mama Bethune shavuni kama alivyowabusu marafiki wengine. Siku alipojikuta amembusu bila kufikiri, ndipo alipojua kwamba kile kitu kimemtoka. Kwa hiyo mtu akisema "mimi sina dharau na mtu", amshukuru Mungu, lakini ajichunguze.

Pili, urafiki haukufanya kila kitu. Siku zile magenge ya Wazungu yalikuwa yakiwaua Weusi bila mahakama, hadharani. Marafiki hawa wawili walitaka sheria ya kuzuia mauaji hayo. Rais alikuwa mume wa mmoja wao, akala nao, akawasikiliza, lakini hakuisimamia, kwa kuogopa wabunge wa kusini. Haikupita. Sheria ya nchi nzima juu ya jambo hilo ilikuja kupita mwaka 2022, wote wawili wakiwa wamekwishakufa zamani. Hata hivyo hawakugombana wakaachana, na hawakunyamaza. Waliendelea kugonga mlango.

Rais Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili mwaka 1945. Mama Bethune alikuwa na tabia ya kutembea na fimbo, si kwa ugonjwa, kwa madaha tu, alisema inampa umaridadi. Mama Eleanor alipokuwa akigawa vitu vya marehemu, alimpa rafiki yake fimbo moja ya Rais. Nasi tunajua maana ya kugawa vitu vya marehemu. Unawapa watu wa nyumbani. Fimbo ile haikuwa zawadi ya dukani.

Mama Eleanor aliendelea, akaongoza kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoandika Azimio la Haki za Binadamu, likapitishwa Paris tarehe 10 Desemba mwaka 1948. Na Mama Bethune, yule aliyeambiwa hana nafasi ya kuja Afrika? Mwaka 1952, akiwa na miaka 76, alitumwa na serikali ya Marekani kwenda Liberia, kuhudhuria kuapishwa kwa Rais Tubman. Akafika Afrika, tena kama mjumbe wa serikali. Alifariki tarehe 18 Mei mwaka 1955. Mama Eleanor, aliyekuwa akiandika safu magazetini, alimwandikia kumbukumbu, naye akamfuata mwaka 1962. Mwaka 1974 sanamu ya Mama Bethune ilisimamishwa katika bustani mjini Washington. Mkononi ameshika fimbo, na ni ile ile aliyopewa.

Haya, sasa turudi kwetu chini ya mwembe.

Nasi tunao marafiki wawili wa namna hiyo humu humu kikundini. Wametukubalia tuwataje bila majina, ingawa mkigeuza shingo mtawaona. Mmoja amestaafu ofisini, ana nyumba ya tofali na gari dogo. Mwingine anakaanga samaki barabarani, saa kumi na moja alfajiri yuko pwani anagombea samaki, jioni yuko na karai lake. Mmoja anakwenda kanisani, mwingine msikitini. Wamekuwa kama pete na kidole, na mtaani maneno hayaishi.

Lakini wangapi mnajua urafiki wao ulianzaje? Ulianza kwa kosa letu sisi kamati. Leo tunalisema hadharani.

Mwaka wa sita wa kikundi, muuza samaki alikosa kurejesha mkopo wiki tatu mfululizo. Katiba yetu ilisema, baada ya wiki tatu, kamati ichukue dhamana. Tukaenda watatu. Hatukuuliza kitu. Hatukukaa hata kitako. Tulichukua sufuria mbili na karai la kukaangia, tukafunga stoo siku nane. Tukamwandikia na faini. Jamani, tulimnyang'anya mtu jembe, halafu tukamdai mavuno! Bila karai angekaanga nini, na bila kukaanga angelipa nini?

Tusichokijua ni kwamba mwanawe alikuwa amelazwa, na mama anashinda wodini. Aliyekwenda kujua alikuwa huyu mstaafu. Hakuwa mdhamini wake, wala hawakuwa wakisalimiana zaidi ya mkutanoni. Alisema tu kwamba usiku ule hakulala, aliliona lile karai machoni. Akaenda wodini, akakaa kwenye benchi, wakazungumza mpaka taa zikazimwa. Kesho yake alikuja na uji. Kisha akaja kwetu, hakutugombeza, akaomba ufunguo wa stoo. Alilibeba karai mwenyewe, kichwani, yeye na suti yake ya kitenge, barabara nzima ikimtazama.

Mkisema basi hapo mkubwa alimsaidia mdogo, ngojeni. Mwaka wa nane mume wa mstaafu alifariki. Walikuja watu wengi wenye magari, wakaacha bahasha, siku ya tatu wakaondoka. Halafu ndugu wa mume wakaanza kuulizia hati ya nyumba. Aliyelala naye chumbani siku arobaini alikuwa muuza samaki. Ndiye aliyejibu mlangoni. Ndiye aliyemwambia, usitie sahihi karatasi yoyote usiku, mwenzangu, ngoja tukamwone msaidizi wa sheria. Elimu ya darasani hakuwa nayo, lakini mambo ya kufiwa na kudhulumiwa aliyajua kwa kuyaishi. Nyumba ile ipo, na mwenyewe yupo ndani yake. Ukweli huo ndio huo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haiulizi una hisa ngapi.

Sasa tuambieni. Kama tungekuwa na masanduku mawili tangu mwanzo, hawa wangekutana wapi? Mmoja angekuwa na kikundi cha Jumamosi, mwingine cha Jumapili. Karai lingebaki stoo. Na hati ya nyumba tusingejua ingekuwa wapi leo.

Kwa hiyo kamati inasema mambo matatu.

La kwanza, tunamwomba radhi mwenzetu, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya wanawe. Tulikukosea, dada yetu. Faini ile tumekubaliana irudi kwako kutoka mfuko wa jamii, ni ndogo, lakini ilikuwa haki yako. Hatukutaka kitabu cha miaka kumi kichapishwe na sifa tupu wakati jambo hili halijasemwa.

La pili, tutaleta badiliko la katiba: chombo cha kazi cha mwanachama kisiwe dhamana kamwe. Si karai, si cherehani, si jembe. Na mtu akikosa wiki mbili, kabla ya faini, watu wawili wakamwone nyumbani, mmoja wa hisa nyingi na mmoja wa hisa chache. Wakae kitako, waulize.

La tatu ni hiyo kura. Sisi tunaomba sanduku libaki moja, na kufuli zake tatu kama zilivyo. Malalamiko ya mikopo kuchelewa ni ya kweli, tusiyafunike. Tunapendekeza wiki moja iwe ya mikopo midogo ya haraka, wiki inayofuata iwe ya mikopo mikubwa, na kila mtu akope kwa kadiri ya hisa zake kama kawaida. Hilo linatengenezeka kwa kalamu. Lakini kitu tulichokipata kwa kukaa pamoja miaka kumi hakitengenezeki kwa kalamu. Kikikatika, kimekatika.

Wanaotaka kugawana watapiga kura yao kwa uhuru na hakuna atakayewanunia. Tunachowaomba ni kimoja. Kabla ya Jumamosi, kila mwanachama amtembelee mwenzake mmoja ambaye hajawahi kufika kwake. Mwenye gari aende kwa mwenye meza ya vitumbua, na mwenye meza ya vitumbua asiogope geti, agonge. Mkanywe chai. Halafu mje mpige kura.

Miaka kumi iliyopita hatukuwa na kiti hata kimoja, tulikaa mkekani wote. Leo tuna viti 40 vya plastiki na tunavikodisha kwenye shughuli. Isije ikawa tulipata viti ndipo tukaanza kuchagua nani akae na nani.